Kuhusu Jina la Nzi Wako

Rua do Rosário 41,
Santa Rita do Brejo,
Minas Gerais.
9 Agosti 1998.

Mpendwa dada Zulmira,

Hujambo huko Belém? Goti linasemaje, na mvua bado inakufungia ndani kila alasiri? Mimi sijambo, kitambi kinaendelea vizuri kuliko mwenyewe. Tangu mke wangu Neide afariki napika sufuria moja ya maharage Jumapili, naila mpaka Alhamisi, huku nikiilaumu kana kwamba kapika mtu mwingine.

Nina habari, nawe hutaipenda. Inahusu nzi wako.

Kazi yangu unaijua: vinzi vidogo kuliko ufuta, vinavyotaga ndani ya sisimizi wakata-majani mpaka kichwa cha sisimizi kidondoke. Sasa naandika ufunguo wa kuitambua jenasi nzima: mwenye miguu ya njano aende huku, mwenye mwiba wa kutagia aende kule. Mwaka 1976 nilimpata dume mmoja, nikampa jina la Profesa Teobaldo, kwa kuwa alikuwa mkuu wangu nami nilikuwa mwoga. Mwaka 1979 nikapata jike wa ajabu, mwiba wake umepinda kama ndoana, nikamwita kwa jina lako. Ukautia ukurasa ule wa jarida kwenye fremu, ukamwita hadi padri aje auone.

Mwezi uliopita, juu ya kichuguu, nilinasa wawili wakiwa wameshikana. Wakafa hivyo hivyo kwenye chupa. Nikawatazama kwa hadubini. Dume ni Teobaldo. Jike ni wewe.

Yaani ni spishi moja, dada. Mume na mke, nami nilitangaza kuwa hawajuani. Na sheria yetu haibembelezwi: jina lililotangulia ndilo linalobaki. Lako linakufa. Tena nimekuoza kwa mtu aliyemwaga majivu ya sigara kwenye kitambaa cha meza cha mama.

Nilifikiria kunyamaza. Tuliokuwa tukiwatazama nzi hawa tulikuwa wawili tu, na mwenzangu wa Ajentina macho yamemwisha. Nani angejua? Siku nyingine mtu pekee ninayeongea naye ni Dona Eurides, anayefagia maabara. Aliyakuta masanduku mawili ya nzi wazi mezani, la Teobaldo na lako, akauliza, nikamweleza.

"Umewatenga mume na mke miaka kumi na tisa, daktari?" akasema. "Hata mama mkwe wangu hakufikia hapo."

Akacheka, kisha nadhani akamkumbuka Neide, maana alifagia pale pale mara tatu.

"Warudishe pamoja," akasema bila kunitazama. "Mtu asilale peke yake kwa kosa la karatasi."

Nikawahamishia sanduku moja. Alhamisi nikatuma makala ya masahihisho.

Jina lako halifutwi, dada. Litaandikwa chini ya lile lingine, kwa herufi ndogo, na kila atakayemchunguza nzi huyo itambidi alipitie. Najua hicho si kifuta machozi.

Nisalimie shemeji Valdemiro, umwambie ndoa yake bado ni halali. Nisalimie na Ivonete na wanawe. Mungu awape afya na amani nyumbani.

Ukikasirika, usiniandikie barua. Nipigie simu, unifokee mpaka uchoke. Nyumba hii ina muda haijasikia sauti ya mtu.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye hata baada ya kukupotezea jina,
Ademar