Maneno Niliyoyakunja Yanatokea Yenyewe

Sólrún, acha upuuzi! Unaogopa kompyuta, na mama yako mzazi yuko chumba cha pili anangoja ufungue mdomo. Barua yako nakurudishia nzima, haiingii kwenye safu yangu gazetini, uone mtu mzima anavyoweza kujitisha mwenyewe. Halafu utanisikiliza.

*

Bibi Fríða mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana ndiyo siku tunamzika baba, naye mama kanikabidhi mimi kuandika makala ya kumkumbuka gazetini, na wewe unajua huku kwetu asiyeandikiwa ni kama hakuzaliwa, basi nikakaa kwenye kompyuta na ile programu ya kuandikia ambayo unaweza kukunja aya ukabaki unaona vidoti vitatu tu, nikaandika kwamba baba yetu Bergur alikuwa mfugaji hodari asiyepoteza kondoo, na mkono ukaendelea wenyewe, Bibi, ukaandika habari ya kaka yangu Steinar aliyefia mlimani kwenye theluji nilipokuwa binti mdogo. Baba alimwambia kila mtu kwamba aliamka akakuta Steinar ameshaondoka kufuata kondoo kwa ukaidi wake, na mama akaamini, hadi leo humwita "yule kaidi" na kaburini kwake haendi, lakini mimi nilikuwa kwenye ngazi asubuhi ile nikamsikia baba akisema, "Vaa viatu, Steinar. Kondoo wangu hawatafia mlimani kwa sababu wewe unaogopa theluji." Maneno hayo niliyaandika kama yalivyo, nikashindwa kuyafuta, nikayakunja.

Tangu hapo hayatulii. Vidoti vyenyewe vimetoweka, ukitazama utadhani hapana kitu, lakini kile kijistari kinachowaka na kuzima kikipita pale, maneno ya baba yanajitokeza, yanakaa kama pumzi kwenye kioo cha dirisha, yanapotea. Nimezima, nimewasha, ni yale yale. Jana nilikuwa zizini nalisha, mama ambaye macho yake yamekwisha akaiamuru kompyuta imsomee, kama inavyomsomea magazeti, nikarudi nikasikia kutoka mlangoni sauti ya mwanamume, haina huzuni wala haraka, inasema, "Vaa viatu, Steinar." Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza. Nikasema, "Mama, mashine imeharibika." Akajibu, "Haijaharibika hiyo. Irudie hapo." Sikuirudia, niliizima. Leo asubuhi nimekuta mezani vikombe vitatu vya kahawa, cha tatu ni kile cha buluu cha Steinar ambacho hakijashuka kwenye msumari wake tangu afe, nacho kimejaa, kinatoa moshi. Bibi, baba anataka nini kwetu? Niipeleke makala, au niichome kompyuta?

Sólrún

*

Uichome, kwani imekukosea nini? Mimi shule niliiacha kabla sijajua kugawanya, nikaenda kupasua samaki kiwandani, lakini nyumbani kwangu kitu kilichosukumwa chini ya kitanda hakihesabiwi kuwa kimefagiliwa. Nilimwendea Oddur, anayepanga kurasa zetu hapa gazetini, nikamsomea barua yako.

"Aa, Bibi, hiyo ni hitilafu ya programu," akasema, mdomo umejaa mkate. "Ukikunja aya, skrini inasahau kuchora vidoti, na kijistari kikipita inasahau kuyafunika maneno. Ila asiyeona husomewa yote. Sauti haijali kilichokunjwa."

"Kwa hiyo si marehemu?"

"Marehemu wa wapi! Lakini mwambie asitume hivyo. Mimi nikiifungua hapa, yanamwagika yote ukurasani, na wilaya nzima inasoma."

Nikamwambia ameze kwanza ndipo azungumze na watu wazima.

Umesikia? La kompyuta limekwisha. Sasa kikombe. Kikombe hakina programu, na hicho nywele zimenisimama hata mimi. Mama yako asiyeona alikipapasa ukutani, akakishusha, akamimina kahawa bila kumwaga tone. Hajachanganyikiwa yule. Mwanawe amerudi nyumbani. Miaka yote alimfungia mlango kwa uongo wa mumewe, na wewe ufunguo ulikuwa mfukoni mwako.

Pole, mjukuu wangu. Ulikuwa mtoto, na Bergur hakuwa mtu wa kupingwa mezani kwake. Kwa hilo nakuonea huruma. Lakini ulipomwambia mama yako kwamba mashine imeharibika, ulifanya kazi ile ile ya baba yako, na hapo sikuonei huruma hata kidogo. Na usije ukaniandikia tena eti unaogopa kumuua kwa uchungu. Mwanamke aliyezika mwana na sasa anazika mume hauawi na maneno. Kinachomla ni kuyasikia mara moja tu, tena kutoka kwenye kitu kisicho na moyo, asijue kama alikuwa anaota.

Yachapwe au yasichapwe, atakayeamua ni yeye. Si wewe, si mimi, wala si Oddur, ambaye nimemwamuru aache nafasi ya makala yenu ukurasani.

Kesho akimimina tena, usikimwage kile kikombe cha buluu. Keti, mshike mkono, umwambie yote kwa sauti yako mwenyewe, tangu kwenye ngazi. Mwache alie, hata akikutukana nyamaza. Kisha mpeleke kaburini kwa Steinar kabla hamjamzika huyo mwingine. Na viatu, mvalishe wewe.