Huyo Ndugu Yako Msomi

Mwanangu Wakili,

Salamu zikufikie hapo ofisini, na kama umekalia kile kiti chako cha kuzunguka, kitulize kwanza. Hujambo? Kifua bado kinakusumbua? Mimi mzima. Miguu inauma lakini bado inakanyaga cherehani. Dada yako mzima na wanawe. Mama yako mzima pia, ila tangu juzi hasemi na mimi, na sababu utaikuta humu humu.

Naandika kwa mkono wangu. Dada yako alitaka aniandikie, nikakataa. Niliishia darasa la tatu, sawa, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwapelekea wa darasa la saba waone haya. Na mawakili wanafunga safari kutoka huko kwenu kuja kushonewa joho na mimi. Hata jaji mmoja mabega yake nayajua, la kushoto limeshuka. Kwa hiyo usinirudie tena na yale ya kwenye simu, eti mambo ya mawakili siyaelewi.

Uliyonisimulia ulipokuja, nikikupanulia joho mabegani, yamenikaa kooni. Ulisema mkubwa wako ofisini, ndiye wakili wake, alimpigia simu Mama Pasi, huyu huyu anayepiga pasi kwenye kibanda cha ubavuni mwangu, akamwambia kesi ya nyumba yake imeahirishwa, asipoteze nauli. Nawe ulikuwa meza ya pili, ukijua haijaahirishwa. Shemeji yake wanayegombania naye nyumba akafika mahakamani, yeye hakufika, wakili wake hakufika, kesi ikasikilizwa upande mmoja. Nyumba ikaenda. Halafu ukasema mkubwa wako alikula pesa za shemeji pia, ukacheka kidogo, ukaniomba nisimwambie mtu.

Nilikuuliza kwenye simu kwa nini hukumsema. Ukanijibu kwamba mawakili hawachongeani, kwamba yule mnaitana ndugu msomi. Ndugu! Ndugu yako kwa tumbo gani? Mimi nimezaa wawili, wewe na dada yako. Huyo wa tatu mama yako alimzaa lini nisijue? Na kama kusoma ndiko kunakokuziba mdomo, afadhali ningekufundisha kutoboa matundu ya vifungo, ungekaa hapa ukapiga kelele kama watu.

Mama Pasi kila asubuhi akiweka makaa ananiuliza kama mwanangu amesema lolote kuhusu kesi yake. Ananiuliza mimi! Anajua kesi ilirudishwa ghafla siku ile ile na mkubwa wako alishindwa kufika kwa ugonjwa, ndivyo alivyoambiwa. Anamwombea apone. Nimeshona suruali ya mtu ikawa na mguu mmoja mrefu kwa sababu ya kumsikiliza, mimi ambaye tangu nianze kazi hii sijawahi kurudishiwa nguo.

Sasa sikiliza, na usiitupe karatasi.

Nilimweleza Mama Pasi yote. Hakulia. Aliiondoa pasi juu ya shati la mtu, akaisimamisha, akauliza kama huyo kijana, yaani wewe, ataingia matatani. Nikamwambia ataingia. Akasema basi tusimtaje. Nikamwambia hilo nitaamua mimi, niliyekuzaa.

Juzi tulipanda basi tukaja huko kwenu, kwenye kamati ya nidhamu ya mawakili. Nilipita chini ya dirisha lako. Sikupanda. Karani wao, binti mwenye adabu, alinisomea sheria yenu nikamwambia airudie. Wakili anayejua mwenzake amemdhulumu mteja anatakiwa akaseme, na akinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa. Hukunieleza hiyo. Ulidhani sitaifikia.

Kisha akauliza nani aliisikia ile simu. Nikakutaja. Jina lako lote na la babu yako, nikamtajia herufi moja moja asikosee. Ndiyo maana mama yako ananisusa, anasema nimemuuza mwanawe. Nimemwambia sijamuuza, nimemtaja.

Karani alituambia Mama Pasi anaweza kuomba kesi ifunguliwe upya, lakini bila mtu aliyesikia, itakuwa neno la mpiga pasi juu ya neno la wakili. Aliyesikia ni wewe. Akasema pia kwamba wito wao unakwenda kwa posta na posta haina haraka. Akaniangalia, nami nikamwelewa, mimi si mjinga. Ukifika kule kwa miguu yako kabla ya wito, umekuja kusema. Wito ukikutangulia, umekuja kujitetea. Barua hii nampa dereva wa basi la alfajiri, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu wa mapokezi.

Dada yako anakusalimu, wanawe wanakusalimu. Mama Pasi naye anakusalimu, wala sikumwomba. Mkubwa wako usimsalimie.

Usikae kunijibu. Vaa viatu uende.

Ni mimi baba yako,
Fundi Mkasi