Kibuyu Kilichorudi Kimejaa

Boito, 3 Februari 2024

Mwanangu Winny,

Chamgei. Natumai u mzima. Sisi hatujambo, ila goti langu hunikumbusha umri kila nikienda kuchuma chai. Simu hupokei, ndiyo maana nimempa Kipkurui wa lori la majani chai barua hii akuletee huko Kericho.

Kikundi chetu cha wake wa madaktari kimetimiza miaka thelathini, na wenzangu wanataka niandike historia yake, ati mimi ndiye katibu. Historia gani? Mama Dolphine alipokianzisha alikataza kuandika majina. Daktari haombi msaada, alisema, aibu itamuua kabla ya ugonjwa. Kwa hivyo mwenzake kazini ndiye hutuambia, nasi tunaacha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, mlangoni, kisha tunakuja kupika na kuangalia watoto. Nyumba ikisimama tena, kibuyu hurudi kitupu, kimeoshwa. Rekodi yetu yote ni hivyo vibuyu kwenye rafu.

Wewe je, unalala?

Mamako


Kericho, 19 Februari

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Pole na goti. Mimi ni mzima, kazi ni ile ile. Nalala. Mjukuu wako Loice anamsalimia kogo wake.

Jumamosi nilikuta kibuyu mlangoni. Sijui nani amewadanganya. Nimempa Kipkurui akirudishe vile kilivyokuja, wapelekewe wenye shida. Historia yako iandike fupi, watu wamechoka kusoma.

Binti yako, Winny


Boito, 2 Machi

Winny,

Leo sikuulizi afya, habari ninayo. Najua navunja sheria ya kikundi kukuandikia haya, na wanitoe ukatibu wakitaka. Kile kibuyu nilikifunga mimi mwenyewe, na kimenirudia bila kuguswa. Mwenzako kazini alituambia mikono yako hutetemeka ukiwa kwenye upasuaji, na kwamba hukaa kwenye gari mpaka Loice alale, asikuone ukilia.

Sasa sikia historia. Mwaka wa tisini na saba kibuyu kilikuja kwetu. Wewe ulikuwa darasa la pili. Babako alikuwa amekonda, anakohoa, na bado anashika zamu za wengine. Alisema yeye ni daktari, hapelekewi maziwa kama mgonjwa. Mimi ndiye niliyekirudisha, kimejaa, na nikajiona mke mzuri. Baada ya miezi mitatu tulimzika. Wale wanawake wakaja matangani na kibuyu kile kile, na hakuna aliyenilaumu.

Nimechoka, mwanangu. Nimezika mmoja aliyekuwa akisema ni mzima tu. Nijibu.

Mamako


Kericho, 24 Machi

Mama,

Chamgei. Mimi si mzima.

Barua yako imekaa mfukoni mwa koti wiki tatu. Asubuhi hii nilishindwa kufunga vifungo, Loice akanifungia, akaniuliza kama ni baridi. Nimemwambia mkubwa wangu siingii upasuaji tena mpaka nipone. Hakushangaa. Nafikiri ndiye aliyewaambia.

Nirudishie kibuyu. Sijui nitakaa nacho mpaka lini, msinihesabie siku.

Na kwenye historia, jina langu liandike. La Baba pia. Kipkurui anapita kwenu Alhamisi. Panda mbele naye uje, goti lisikuumize.

Winny wako