Kiti cha Malachy Tuohy

Dublin, 9 Novemba 1976

Mwanangu Nuala,

Hujambo? Mama yako naye, kifua kimepoa? Mimi nipo, ila nimechoka. Goti nililovunjwa kwa gongo kwenye mpira wa magongo linanisumbua, na jana nilisinzia Bungeni mpaka wakaniamsha nipige kura. Kila msiba wa jimbo nimekwenda, na bado watu wananishika mkono kwa ajili ya goli nililofunga nikiwa kijana. Basi, imetosha. Nimemwandikia kaka yako Fintan arudi kutoka Boston arithi kiti changu cha Bunge. Chama kimekubali: jina ni letu, na yeye pia mpira wa magongo amecheza. Mtayarishie chumba.

Baba yako

Kilbrack, 16 Novemba 1976

Baba, shikamoo.

Mama hajambo, anakohoa asubuhi tu. Chumba kipo. Leo jikoni watu wa jimbo walijaa tena na shida zao, tukaishiwa maziwa ya chai. Bibi Considine bado hajapata pensheni. Nimeiandikia wizara na kutia sahihi yako, kama kawaida. Mzee Packie aliuliza, "Mbunge yuko wapi?" Nikamwambia Dublin. Akasema, "Aa, basi nakwambia wewe. Yeye atanipigia hadithi za mpira tu."

Fintan hajamwandikia mama tangu mwaka juzi. Pole na goti.

Binti yako

Dublin, 2 Februari 1977

Nuala mwanangu,

Salamu nyingi. Fintan amekataa. Anasema hataki kuzeeka kama mimi.

Chama kinamtaka Halloran, yule dalali wa mnada wa ng'ombe. Yeye hawajui watu wa jimbo, lakini wewe unawajua, kwa hiyo nimemwahidi utamfanyia kazi kama ulivyonifanyia.

Baba yako

Dublin, 20 Machi 1977

Nuala,

U mzima? Mbona kimya? Nikipiga simu mama yako anasema hujambo, kisha anakata.

Baba

Kilbrack, 22 Mei 1977

Baba, shikamoo.

Samahani kwa ukimya, nilikuwa nazunguka vijijini. Nagombea, bila chama. Ulimwandikia Fintan, ukamwahidi Halloran. Mimi niko hapa hapa nyumbani, baba, na hukuniuliza.

Jana nje ya kanisa Halloran alinitania, "Nuala, nani atapika chai?" Nikamwambia, "Njoo wewe, birika utaoneshwa."

Nimechoka kama wewe. Najua watakutaka upande jukwaani unipinge. Fanya uonavyo.

Binti yako

Dublin, 3 Juni 1977

Mwanangu,

Walinitaka. Nikawaambia goti haliwezi ngazi za jukwaa. Mwenyekiti akacheka: "Tutakubeba." Nikamwambia, "Mtanibeba nikifa. Nuala ni binti yangu, na ndiye aliyekuwa mbunge wenu miaka yote hii." Wamenifukuza chama. Nililala mchana kutwa.

Nakuja kwa treni ya Jumatatu. Nipokee kituoni, kama una nafasi.

Baba yako

Dublin, 6 Julai 1977

Baba, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Mimi mzima, miguu tu inauma. Jana bawabu wa Bunge aliniuliza mimi ni karani wa nani. Kengele ya kura ikalia, nikampita nikaingia ukumbini kupiga kura yangu.

Bibi Considine atakuja hapo nyumbani Ijumaa. Anaanza mbali, kwa ndugu zake wote na magonjwa yao. Usimkatize, baba. Mpe chai, msikilize mpaka afike kwenye shida yenyewe, kisha uniandikie.

Binti yako