Baba, Neno Lile Hukulisema

Mwaka umetimia, Baba, tangu tukutoe nyumbani juu ya mabega ya watu, ukungu wa Lahore ukiwa umejaa uchochoro mzima. Watu wa televisheni walikuita Sagar. Hapa mtaani kwetu, Lango la Bhati, walikuita yule mbaya. Sisi tulikuita Baba.

Hukuwahi kuwa shujaa wa mchezo wa televisheni. Ulikuwa mwenye shamba katili, hakimu mla rushwa, mjomba anayekula mali ya yatima. Ukimwona mzee anachechemea sokoni ulimfuata nyuma taratibu mpaka miguu yako ikaujua mwendo wake, kisha ukarudi bila nyanya ulizotumwa. Mama aliuliza, "Leo umetuletea nani?" Nawe ukamtembeza uani mzee huyo mgeni, tukacheka mpaka chai ikafurika jikoni.

Muuza bamia alikataa kukuuzia. "Nenda zako! Umemfukuza mke mwema!" Ulirudi unacheka. Ulisema, "Akinichukia, basi nimefanya kazi."

Nilipoacha shule darasa la nne hukunigombeza. Ulinipa karatasi za michezo nikusomee. Nilisoma polepole, kwa kidole, nawe ukayashika maneno polepole vilevile. Baadaye watu wakasifu kwamba Sagar ana namna yake ya kusema kwa kituo. Ulinikonyeza tu.

Lakini leo tunakuandikia mbele za watu kwa sababu ya jambo moja, na wanaosoma wasikie.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu walikaa uani wakikusomea, kila mmoja na fungu lake la kokwa za tende za kuhesabia dua. Kaka yako, Baba Mkubwa Barkat, akaziweka kokwa zake chini.

"Huyu mwanamke anakaa eda ya nani?" akauliza. "Mdogo wangu alimwacha zamani. Talaka tatu, kwenye televisheni, mtaa mzima ukisikia."

Kila mtu aliujua mchezo anaousema. Ndio ule wa mume anayemfukuza mkewe, na mke huyo alikuwa Mama. Mama si mwigizaji. Mwigizaji mwenyewe aliteguka mguu siku Mama alipokuletea chakula studio, na kwa kuwa mke yule kazi yake ilikuwa kunyamaza tu, wakamfunika Mama shela kichwani wakamkalisha mahali pake. Baada ya hapo uso ukawa ni wake mpaka mwisho wa mchezo.

"Hakusema," Mama akasema kutoka nyuma ya pazia la jikoni.

"Shemeji, tulia. Bashir, sema wewe."

Bashir kinyozi akajikuna shingo. "Dada yangu, unisamehe. Televisheni ilikuwa dukani kwangu. Nilisikia kwa masikio haya. Nilikuwa namnyoa mtu, nikashtuka nikamkata."

"Alinikata mimi," mzee mmoja akadakia, akionyesha kovu shavuni. "Na mimi nilisikia."

Maulana wa msikiti wetu aliinamisha kichwa. "Neno hilo halina mzaha," alisema. "Kama lilitoka kwa mume likamwendea mkewe, hata kwa mchezo, siwezi kusema halikutoka. Kama halikutoka, ndoa ni ndoa. Nionyesheni."

Unajua maana yake, Baba. Mama angekuwa ameishi miaka yote ile na mwanaume asiye mumewe. Chumba cha Mama, Baba Mkubwa alikuwa ameshamwahidi mwanawe. Na mdogo wangu Tauqir, aliyezaliwa baada ya mchezo ule, angeitwa nani huko nje? Alikuwa amekaa hapohapo kati ya wanaume, kokwa za tende mkononi, masikio yamemwiva.

Baba Mkubwa alipokuwa anatoka nilimwona akiinama mlangoni. Alichukua ndala za Mama kutoka kwenye safu ya viatu, akaziweka nje ya kizingiti, ncha zikielekea barabarani.

Nilitaka kukimbia kuzirudisha. Mama akanishika. "Ziache. Aliyezitoa atazirudisha."

Akatembea peku nyumbani mwake.

Aliniambia yaliyotokea studio. Taa zilikuwa zimewaka, mwongozaji amekupa karatasi ya siku ile, na neno lile liko chini kabisa, limeandikwa mara tatu. Ukasema hulisemi.

"Sagar bwana, huu ni mchezo!"

"Mchezo ni wako. Mke ni wangu."

"Basi kauze bamia! Watu wangapi wanaililia nafasi hii?"

"Nipe mara moja tu, nifanye kwa namna yangu. Usipopenda, nitatoka mwenyewe."

Ulichofanya baada ya hapo Mama hakukiona. Aliagizwa ainamie sinia la dengu, akainama. Alisikia kimya tu. Na mchezo ulipoonyeshwa hakuthubutu kuutazama.

Kwenye kituo cha televisheni walituambia kanda za zamani zimefutwa. Ndipo Mama Mdogo Kaniz, mdogo wake Mama, akaja kutoka Gujranwala na kanda yake ya video. Zamani alirekodi kila mchezo wako. Lakini juu ya kanda ileile walikuja kurekodi harusi ya mwanawe, na hakuna aliyejua kilichobaki.

Bashir alileta televisheni na deki yake uani baada ya sala ya alasiri. Wanaume walikaa kwenye vitanda vya kamba, sisi wanawake nyuma ya pazia. Ikaanza ngoma. Hina, wapishi, watoto wanaong'ang'ania kuonekana. Ngoma haikwisha.

"Kaniz, umetualika harusini?" Baba Mkubwa akasema. Baadhi wakacheka.

"Subirini," Mama Mdogo akajibu, lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Bwana harusi akapanda farasi. Mama alinishika kifundo cha mkono. Halafu picha ikaruka, ikaja mistari myeupe, na ukatokea wewe, masharubu meusi, umesimama mbele ya Mama na dengu zake.

Ukafungua mdomo.

Bashir aliinua kidole kama anayesema, sasa hivi.

Ukaufunga. Ulimtazama Mama kwa muda mrefu, ukaenda mlangoni. Ukainama, ukazitoa ndala zake kwenye safu, ukafuta vumbi kwa mkono wa kanzu yako, ukaziweka nje ya kizingiti, ncha zikielekea barabarani. Ukarudi, ukakaa, ukamega mkate.

"Rudisha," Baba Mkubwa akasema.

Bashir akairudisha kanda nyuma.

"Ongeza sauti."

Sauti ikaongezwa mpaka tukausikia mkate unavyochanika. Neno halikuwepo.

"Lakini nilisikia!" Bashir aliisogelea televisheni. "Wallahi nilisikia. Sagar, ulinifanyia nini wewe?"

"Kwa hiyo hili nimelipata bure," mzee wa kovu akasema, na uani kukachekwa kwa mara ya kwanza tangu ututoke. Baba Mkubwa hakucheka.

"Ndoa ni ndoa," Maulana akasema. "Anakaa eda ya mumewe."

Baba Mkubwa aliendelea kukitazama kioo hata kilipozimwa. Sauti ya kinywa chako aliikumbuka vibaya, Baba, lakini mikono yake ilikuwa imekuigiza bila yeye kujua. Akainuka, akaenda mlangoni. Akaziokota ndala za Mama huko nje, akazifuta kwa mkono wa kanzu yake, akaziweka ndani, kando ya viatu vyako ambavyo hakuna aliyevigusa.

"Shemeji," akasema, bila kugeuka.

Mama alinituma nimpelekee chai.

Tunaokukumbuka ni mkeo Shagufta, mjane wako wa halali; binti yako Sughra, niliyeandika haya; mwanao wa ndoa Tauqir; shemeji yako Kaniz; na kaka yako Barkat, aliyeomba jina lake liwe la mwisho. Bashir naye anakusalimu. Anasema mpaka leo bado anasikia.

Hatutakusahau, Baba, maisha yetu yote. Viatu vyako hatuvitoi mlangoni.