Niliambiwa Mbali, Nikasikia Mbalizi

Jumamosi, 14 Juni
Darasa la uchoraji kwa wanaoanza. Bado tuko kwenye anga. Mwalimu Tusa hataki tuguse mlima mpaka anga ikae sawa. Maji mengi, rangi kidogo, brashi pana. Anga yangu ya kwanza ilichuruzika mpaka mezani. Ya pili imekubali. Nimerudi nyumbani na bluu kwenye kucha, sikuitoa. Makusudi. Mume wangu aone.

Jumapili, 15 Juni
Wakwe watarajiwa wa binti yetu Rukia wanakuja tarehe 29, kutoka Iringa. Nimesema siku hiyo nataka picha yangu ikae sebuleni, ile ya milima ya theluji tuliyonunua dukani ishuke. Baba Rukia kacheka mpaka kakohoa. Eti wageni watadhani tumeishiwa. Imeniuma. Miaka yote tunatazama milima ya watu, na yetu iko dirishani. Mwisho kasema nikileta inayoeleweka, msumari atapigilia mwenyewe. Haya.

Jumamosi, 21 Juni
Aibu.

Tulipanda kilimani kuchora mlima Loleza. Upepo, baridi, shali hadi masikioni. Mwalimu akapaza sauti tuanze na mbali zaidi. Mimi nikasikia tuanze na Mbalizi, ule mji mdogo wa upande wa pili. Nikageuza kiti magharibi. Nikaona wenzangu wote wamenipa mgongo, nikasema moyoni, hawa hawasikii. Nikachora barabara ya Mbalizi, mabati yanavyong'aa, vilima vya nyuma. Mwalimu alipofika akashika kiuno.

"Mama Rukia, Loleza iko wapi?"

"Si umesema Mbalizi?"

Walicheka wote, na yeye akiwemo. Kanipa karatasi nyingine nianze upya. Nimekataa. Vilima vya mwisho nilivitia bluu hafifu kama alivyotufundisha, na vimekwenda mbali kweli. Alipovitazama vizuri akaichukua karatasi yake.

Jumatano, 25 Juni
Nusura niiharibu picha. Niliongeza mikaratusi kabla rangi haijakauka, kijani ikamwagikia barabarani. Nimelia, kwa hasira. Nikafyonza na kitambaa, nikasubiri ikauke, doa nikaligeuza kivuli cha mti. Utadhani nilipanga. Baba Rukia kapita, kasimama, hakucheka. Kaenda kutafuta nyundo.

Najisifu, ndiyo. Nimefanya kazi nzuri.

Jumapili, 29 Juni
Wageni wameondoka. Pilau imekwisha. Mambo ya Rukia yamekwenda vizuri, siku ya mahari imepangwa.

Baba mkwe alikunywa chai macho yakiwa ukutani, halafu akauliza kama pale si Mbalizi. Aliwahi kwenda huko kununua mahindi, akaijua barabara. Kabla sijafungua mdomo, Baba Rukia akajibu, "Kachora mke wangu." Kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mama mkwe anataka nimchoree Iringa, na yale mawe makubwa yaliyo juu ya mji. Nimekubali palepale. Mawe bado sijafundishwa.