Salamu Iliyokaa Ndani ya Kompyuta

Mpendwa Aabo, baba yangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda barua inayozunguka. Nakuandikia Kiswahili, maana ndicho ulichonifundishia kupiga barua za watu hapa dukani Garissa, kwenye kompyuta hiihii uliyoniachia. Mwezi mzima imenipandisha mori.

Kila asubuhi ilikuwa inaniandikia kwamba mfumo wake umezeeka na haulindwi tena. Nami nilikuwa naufunga ule ujumbe kama ulivyokuwa ukiufunga wewe, ukisema, "Ngamia anayetembea habadilishwi njiani." Ngamia gani, Aabo? Huyu alikuwa amelala chini. Juzi msichana wa chuo alikuja kujaza fomu ya ufadhili, ukurasa ukakataa katakata kufunguka. Akaniambia pole, akavuka barabara kwa jirani. Ile pole ndiyo iliyoniudhi.

Abdi naye, mwanao, hakunipa pumzi. Kila Ijumaa akifika kutoka Hagadera anakofundisha, hajavua hata viatu, anaanza: "Abaayo, dada yangu, weka mfumo mpya yaishe." Namwambia mashine itakuwa nzito, na printa yako ya zamani haitakubali. Anasema printa si kitu, tutatafuta nyingine. Tulibishana mpaka chai ikapoa, na wote wawili tulijua hatubishani juu ya printa.

Tulikuwa tunabishania sauti yako. Unakumbuka siku ulipoirekodi? Ulichoshwa na ule mlio wa kompyuta ikiwaka, ukasema duka la Mwislamu halifunguliwi kwa kinanda. Ukaniambia nifunge mlango, ukakohoa, kikohozi kikaingia, ndipo ukasema "Assalamu alaykum" kwa ile sauti yako ya kuongea na maafisa. Nilikuomba urudie bila kikohozi, ukakataa. Tangu siku hiyo mashine ikiwaka, ni wewe. Mzee mmoja wa Elwak, aliyekuja kuandikiwa tangazo la ngamia waliopotea, aliitikia kwanza, kisha akachungulia nyuma ya meza. "Huyu mutu iko wapi?" Ulicheka mpaka ukakosea kuchora alama ya ngamia wake. Hakuna mteja aliyewahi kuinyamazia. Salamu huitikiwa, itoke popote.

Ukafa, na salamu ikaendelea kutoka. Hooyo, mama yetu, akawa anakuja kila asubuhi kabla sijawasha, anaketi kwenye kiti cha wateja, anaitikia, anamaliza chai yake, anarudi nyumbani. Hasemi kingine. Fundi akaniambia mfumo mpya hautaki mlio wa mtu, una wa kwake. Abdi akajiona mjanja, akainakili sauti kwenye simu na kumsikilizisha. Hooyo akamrudishia simu yake.

"Hii ni rekodi," alisema. "Dukani alikuwa anaingia kazini."

Nilikukasirikia, Aabo, wallahi. Mtu mzima anajitia ndani ya mashine, halafu anaondoka bila hata kuacha maelekezo. Ungejua nilivyolia kwa ajili ya kikohozi.

Mwishowe nilimweleza Hooyo waziwazi: tukibaki na mfumo wa zamani, wateja wataisha, tukiweka mpya, hutamsikia. Alikunja shuka lake, akalikunjua. "Duka ni la kulisha nyumba," akasema. "Fanya." Jumamosi tukafanya.

Jumapili asubuhi alikuja vilevile, akaketi palepale. Nikawasha. Ikafunguka upesi, safi, kimya. Ule ukurasa wa fomu ukaja mara moja, bila hata kusita, na nikauchukia. Printa yako, kama nilivyosema, imekataa. Abdi bado hajatafuta nyingine.

Hooyo hakugusa chai. Alingoja kidogo, kiasi cha kumwachia mtu amalize kukohoa. Kisha akasema, "Wa alaykum salaam."

Abdi akafungua mdomo amweleze. Nikamkanyaga mguu.

Leo ni Jumanne. Amekuja tena. Msichana wa chuo pia amerudi, na Hooyo alipoitikia, mtoto wa watu akageuka kutafuta aliyesalimu. Nikamwambia ni baba yangu, ndiyo kwanza ameingia. Kaa kwa amani, Aabo. Bado nina hasira nawe, lakini duka liko wazi na salamu yako imeitikiwa.

Ni mimi, binti yako wa dukani